Alisema Mguu, Hakusema Gurudumu

Fundi cherehani wa chumba cha kwanza kwenye korido yetu ya vyumba vya kazi anaitwa Sentimita. Jina hilo hakupewa na mama yake, ila hata mama yake angekuwa hai angelikubali. Ukimwomba ndoo, anauliza ndoo ya ukubwa gani. Ukimwambia unakuja sasa hivi, anauliza sasa hivi ipi. Wateja wanamsema vibaya kwa kuchelewesha, mpaka siku ya kuvaa nguo. Hapo wote wananyamaza.

Chumba cha mwisho ni cha dada yake, wa tumbo moja, mkubwa kwake. Yeye anatia vifungo, anashona matundu yake na pindo kwa mkono. Mimi niko katikati na mashine yangu ya fotokopi, ndiyo maana nayajua mambo yao. Sikuomba kuyajua. Yanapita mlangoni kwangu.

Walikosana kwa sababu ya kitambaa. Marehemu mama yao aliacha kitambaa cha kijani, kizito, na dada akakiweka kwenye kabati la mdogo wake kwa kuwa chumba chake kinavuja. Sasa huyu mtu wa kupima kila kitu, siku hiyo hakupima wala hakuuliza. Alidhani ni mabaki, akakikata bitana ya koti la mteja. Dada alipokuja kukiulizia, kilikuwa kimeshaondoka mgongoni mwa mtu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mguu wako usikanyage kwangu tena," akarudi zake chumbani. Nilisikia mimi, na mteja wangu akasikia, akajifanya anahesabu karatasi.

Kazi haikukatika, maana kula ni lazima. Nguo zilitoka kwa kaka zikaenda kwa dada kutiwa vifungo, kisha zikarudi kupigwa pasi. Na mbebaji alikuwa nani? Mimi. "Mama Kopi, nifikishie hii." "Mama Kopi, mrudishie yule." Nilibeba mpaka siku moja nikasimama katikati ya korido nikawapigia kelele wote wawili, "Jamani, mimi si mkokoteni!"

Basi Sentimita akaja na gari la kuchezea, lile la rimoti, alilolinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Aling'oa bodi ya juu, akafunga sinia la bati mahali pake, akapanga mashati. Akasimama mlangoni kwake, ulimi umetoka kidogo, akaliendesha polepole hadi mlangoni kwa dada yake.

"Wewe, si umekatazwa kukanyaga kule?" nikamuuliza.

"Alisema mguu," akajibu. "Hakusema gurudumu."

Nilicheka mpaka nikaharibu kopi za watu. Lakini gari lilipokelewa. Lilivutwa ndani bila neno, na baadaye likasukumwa nje likiwa na mashati yenye vifungo. Wakaishi hivyo, na sisi wengine tukazoea kuliruka.

Tatizo likawa magurudumu. Sakafu ya korido yetu ni sementi iliyopigwa na mtu aliyekuwa na hasira zake, inakwaruza kama jiwe la kusugulia miguu. Raba ziliisha, akabadilisha, zikaisha tena. Gari likaanza kuyumba na kukwama njiani. Asubuhi moja dada akapaza sauti kutoka chumbani kwake, "Mama Kopi! Mwambie huyo gari lake linachelewesha nguo. Likikwama tena, nitachukua kazi za fundi wa ghorofa ya chini."

Hakutoka nje kuyasema hayo. Nilifikiri ni kiburi tu.

Nilimfikishia ujumbe nikiwa tayari kumtania, lakini Sentimita aliketi juu ya rundo la vitambaa, uso umemshuka. "Akichukua kazi za mwingine, kati yangu na yeye kutabaki nini?" akasema. "Nimemkumbuka dada yangu, Mama Kopi. Kikohozi chake nakisikia kila siku, yeye simwoni."

Nikaacha utani. Nilikuwa na safari ya kununua wino, nikamwambia twende wote, tupite kwa yule muuza spea za magari ya kuchezea ambaye watu wanamwita Betri.

Duka la Betri ni meza moja ya kioo na kuta zilizojaa magurudumu yaliyotundikwa kwa misumari. Sentimita hakusalimia vizuri, akaingia moja kwa moja. "Nataka magurudumu magumu."

"Magumu, au ya kudumu?" Betri akauliza.

"Si kitu kimoja?"

"Wapi!" Betri akatundua mawili, akayagonga mezani. "Hili ni gumu. Sikia lilivyo, kama kopo. Kwenye sementi linateleza, halishiki, na likigonga ukuta rimu inapasuka. Hili ni laini sana, linashika vizuri, lakini sakafu inalila kama mkate. La kudumu ni hili la katikati. Bonyeza. Raba inarudi yenyewe, ndani ina sponji, na gundi imeshika rimu kuzunguka kote."

Sentimita akabonyeza. Akabonyeza yote yaliyokuwa ukutani, moja moja, kwa kidole gumba. Kisha akavua futi yake shingoni, akaanza kupima upana.

"Mzee, unanunua au unaposa?" Betri akauliza, nami nikageuka kuficha kicheko. "Hebu nionyeshe yale ya zamani."

Sentimita alikuwa nayo mfukoni, ameyafunga kwenye kitambaa. Betri akayageuza karibu na taa, jicho moja amelifumba.

"Gari linaendeshwa na nani?"

"Mimi."

"Na nani analiburuta?"

"Haliburutwi. Dada yangu analivusha kizingiti tu, hatua moja."

"Basi kizingiti chenu ni kirefu," Betri akasema. "Gurudumu linalozunguka linaisha sawasawa pande zote. Haya ya nyuma yameliwa mahali pamoja, yamekuwa bapa. Gari lilikuwa limezimwa, magurudumu yamekaza, na mtu akalivuta kwa nguvu. Tena mbali, tena kila siku. Hata nikikuuzia ya chuma, mtayamaliza."

Sentimita alikasirika kwa niaba ya dada yake, akayachukua magurudumu yake mabovu, tukarudi bila kununua. Mimi nami nina ugonjwa wangu wa kutaka kujua. Sikuingia hata kwangu, nikapitiliza hadi chumba cha mwisho, kisingizio changu kikiwa sindano.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, upande wa mbali na mlango. "Sindano zimo kwenye kopo, jichukulie," akasema. Nikashangaa. Kopo lile hakuwahi kuruhusu mtu aliguse. Ndipo nikaona mwamvuli umeegemezwa kwenye kiti, ule wenye mpini uliopinda, na sakafuni michirizi miwili myeusi ya raba, kutoka mlangoni mpaka miguuni pake.

"Dada, hebu simama nikuone."

"Nimechoka."

"Simama, Dada."

Akashusha shati alilokuwa analitia vifungo. "Magoti yamekataa," akasema. "Tangu baridi hii ianze. Binti yangu ananiketisha hapa kabla hamjafungua, jioni ananifuata mmeshaondoka. Mwamvuli huu ameufunga kamba ndefu; naurusha, mpini unanasa kwenye gari, navuta, na kulitoa nalisukuma nao kwa nguvu. Na wewe usimwambie huyo. Atakuja kunionea huruma, na mimi bado sijamaliza kukasirika."

Nikamwahidi. Nikaenda kwa Sentimita nikamwambia kabla hata sijaketi. Neno la namna ile mimi siwezi kulala nalo, samahani.

Alishika kingo za meza yake ya kukatia. "Mimi naliacha gari mlangoni," akasema, "najiona nina adabu." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kipande cha bitana, akachukua kofia yake.

Kwa Betri, safari hii, hakuuliza magumu wala laini. Aliuliza yanayopanda kizingiti. Akapewa makubwa zaidi, ya raba ile ya katikati, yenye meno ya kushika. Ilibidi akate kingo za sinia ili yaenee, na alizikata kwa mkasi wake wa vitambaa, ule ambao mimi nikiugusa tu anataka kuzimia.

Mchana uleule akapanga mashati kwenye sinia, akasimama mlangoni kwake kama kawaida. Gari likapita kwangu kimya, halitetemeki, likafika kwa dada, likainua pua, likapanda kizingiti, likaingia. Hapo Sentimita hakuliona tena.

Tukasikia kishindo.

"Kushoto!" nikapiga kelele, ingawa hata mimi sikuona kitu.

"Linanivunjia kabati!" dada akajibu kutoka ndani.

Gari la rimoti huwezi kuliendesha bila kuliona. Sentimita alijaribu mara mbili zaidi, likagonga mara mbili. Basi akatembea. Alipita mlangoni kwangu, rimoti kaishika kwa mikono miwili, akaendelea upande ule wa korido ambao tangu ugomvi hakuwahi kuutia mguu. Nami nikamfuata, ningebakije? Alifika, akasimama nje kabisa, ncha za viatu zimegusa kizingiti, akanyoosha shingo ndani. Akalirudisha gari nyuma, akaligeuza, akalipeleka taratibu mpaka likagusa miguu ya dada yake.

Dada alilitazama gari. Akayatazama magurudumu mapya. Kisha akanitazama mimi, na kwa jicho lile nilijua nimekwisha.

Akachukua shati la juu, akatia uzi kwenye sindano, akaanza kifungo cha kwanza. Sentimita hakusogea.

"Sijakanyaga, Dada," akasema.

"Nakuona."

Akamaliza kifungo. Akakata uzi kwa meno.

"Sakafu imepigwa deki leo," akasema bila kuinua uso. "Viatu vyako vina vumbi. Vivue ndiyo uingie."

Sentimita akainama kufungua kamba, mikono ikamshinda kwa sababu ya rimoti. "Mama Kopi, nishikie," akasema, akanikabidhi. Akaingia na soksi, moja imetoboka kidoleni, na mlango ukasukumwa nyuma yake.

Nikarudi kwenye mashine yangu, wateja wamejipanga, wananinung'unikia. Nilipofunga duka, viatu vilikuwa bado viko nje ya mlango ule. Rimoti nilikuwa nayo mimi, na hakuna aliyekuja kuiulizia.