Damu ya Upande wa Mama

Mtoto aking'oka jino hutema damu kidogo, kisha hukimbilia kucheza. Evance alipong'oka jino, damu ililowesha shuka la kwanza na la pili, na mama yake Boke, anayeuza maziwa na mtindi pale Kamunyonge, Musoma, akambeba mgongoni hadi hospitali, ingawa mtoto alikuwa keshaanza shule. Haikuwa mara ya kwanza kuhangaika naye. Goti lilikuwa likivimba bila yeye kuanguka, na akigongwa kidogo tu ubavuni, panavilia damu kama amepigwa rungu.

Boke aliwahi kuiona damu ya namna hiyo. Kaka yake, Enos, alitahiriwa kijijini kwao pamoja na vijana wa rika lake. Wenzake walirudi wakiimba, yeye hakurudi. Damu ilikataa kukatika. Ngariba akasema kijana alivunja mwiko, wazee wakasema aliyevunja ni mama yake. Baba yao akakataza jina la Enos lisitajwe tena pale nyumbani, na mama yao akaishi miaka iliyobaki ameinamisha kichwa kwa kosa ambalo hakuna aliyejua ni lipi.

Kutoka Musoma walipelekwa hospitali kubwa ya Mwanza. Huko Dokta Hafidha alimketisha Boke na mumewe Mseti, fundi wa kuchomelea vyuma, akawaambia ugonjwa unaitwa hemofilia. Damu inakosa kitu cha kuifanya igande, na kasoro iko kwenye jeni inayokaa katika kromosomu X.

"Mwanamke ana X mbili," alisema. "Moja ikiwa na kasoro, ya pili kwa kawaida inafanya kazi, anaweza hata asijue. Mwanaume ana X moja tu, ya mama yake. Kwa baba amepata Y. Hiyo moja ikiharibika, hana ya akiba."

"Kwa hiyo imetoka kwangu," alisema Boke.

"Imepitia kwako. Ulirithi, hukuitengeneza. Upande wenu kuna mwanaume aliyewahi kutokwa na damu hivi?"

Boke akalitaja jina la Enos, mara ya kwanza tangu aolewe. Mseti akageuka kumtazama. Boke alilia, lakini kilichomliza kilikuwa hasira zaidi ya majonzi. Mama yake alishakufa akiamini amemuua mwanawe.

Alipofuta machozi aliuliza habari za binti yake, Ghati, na za mimba nyingine ikitokea. Dokta akamwambia kila mimba inaanza upya, haiangalii iliyotangulia: wa kiume ana nusu kwa nusu ya kuugua, wa kike nusu kwa nusu ya kuibeba kama yeye.

Miaka ikapita, Evance akafikia rika la kutahiriwa. Machage, baba mdogo wa Mseti na msemaji wa ukoo, akawaita nyumbani kwao, Butiama. Njiani Mseti alisema tu, "Tuwasikilize wazee kwanza."

"Hospitali tunapelekaga wagonjwa," Machage alianza. "Mwanaume anakatwa na ngariba, amesimama, watu wanamwona."

"Baba, huyu ni mgonjwa," alisema Boke, akaeleza yote aliyoambiwa Mwanza.

Robi, mama mkwe wake, akaguna. "Kumbe ndiye wewe umetuletea damu mbovu."

"Ni mimi, Mama. Imepitia kwangu, na kabla yangu ilipitia kwa mama yangu. Sikuichagua, kama Mseti hakuichagua pua ya baba yake. Nawaambia mwenyewe ili msihangaike kumtafuta mchawi."

"Na watoto wake?" Machage aliuliza. "Ukoo utajaa wagonjwa?"

"Wa kiume hawataipata kwake, atawapa Y. Mabinti wake wote wataibeba." Hilo la mwisho angeweza kulimeza. Hakulimeza.

"Hayo ya herufi siyajui. Mtoto ni wa ukoo."

"Ni wa ukoo akiwa hai. Akifa mtasema alivunja mwiko, kisha mtakaa mle nyama ya sherehe. Nilishawaona watu wakila, Baba, kaka yangu akiwa hajakauka damu. Evance simtoi."

Mwanamke aliyeolewa hasemi hivyo mbele ya wazee. Macho yote yakamgeukia Mseti, wamwone akimnyamazisha mkewe. Mseti alikuwa ameinama tangu wafike. Alisimama, akakung'uta suruali.

"Mtoto haji kwa ngariba," alisema. "Mama Evance, twende."

"Ukiondoka hivyo, usirudi kudai ng'ombe wa kumwozea," Machage alimtupia mgongoni. Mseti hakugeuka.

Evance alitahiriwa Mwanza, akichomwa dawa ya kugandisha damu kabla na baada. Kidonda kilichelewa kupona, lakini kilipona. Wapo vijana wanaomwita mtoto wa hospitali, na siku nyingine anarudi nyumbani hataki kula. Machage akija mjini hupita mbele ya kibanda cha Boke bila kusalimu, na kikombe cha maziwa yake hakigusi. Boke humsalimu yeye, kila mara, kwa sauti ya kusikika barabara nzima.

Robi ndiye aliyekuja. Alimpapasa mjukuu goti, akanywa chai, kisha akamvuta Boke karibu. Vipimo vya Ghati vilikuwa vimeshatoka: anaibeba.

"Hilo lizike hapa hapa, mwanangu. Likijulikana, nani atamwoa?"

"Atakayemtaka atamtaka akijua, Mama. Kwetu jina la Enos lilizikwa, likamla mama yangu hadi kaburini."

"Utawaambia watu wa posa?"

"Nitawaambia."

Ghati, aliyekuwa akikoroga mtindi pembeni, hakuinua uso. "Nitawaambia mwenyewe, Bibi," alisema. "Damu ni yangu."