Kuta Nne za Vitongoji Vinne

Avelina anavuta kamba, anaifunga kwenye msumari wa kona ya pili, kisha anaigusa kwa kidole. Inatetemeka, inatulia. Ukuta wa kulia umeipita kwa unene wa dole gumba.

"Tofali za akina Walburga nono," anasema bila kugeuka. "Sijui wanazilisha nini."

"Ugali, fundi," anajibu Walburga, mmoja wa wazazi wanaosomba maji. "Za wenzetu zinakunywa uji tu."

Hapa ni Mbuji, wilayani Mbinga, kwenye shule shikizi, tawi la shule mama, ambayo watoto wake wanasomea ndani ya kigango, kanisa dogo la kijiji. Wazazi wanajenga darasa lake la kwanza. Kila kitongoji kilipewa ukuta wake, kikafyatua tofali kwa kibao chake cha umbo. Hakuna aliyewaza kuvilinganisha vibao.

Kazi ya Avelina, mwashi wa miaka 46, ni kuzikutanisha kuta hizo kwenye usawa wa lenta, mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Zikifika, halmashauri italeta mbao na bati. Mhandisi anakuja kesho mchana. Boma lisilofika usawa huo litapisha la kijiji kingine kwenye mgawo.

Utaratibu ni mmoja kwa wote. Ila vijiji vyenye kahawa nyingi hukodi lori. Hapa tofali hupanda mlima kichwani. Ruzuku nayo hufuata idadi ya watoto, na hapa wako 62.

"Ada imefutwa, namshukuru Mungu, wangu watatu wamesoma," anasema Avelina. "Lakini watoto wawe wachache, wawe wengi, ubao unakula chaki ile ile."

Ufundi aliupata akibeba udongo wakati kigango hicho kinajengwa. Kwenye nyumba za watu hulipwa shilingi 15,000 kwa siku. Hapa anapewa mahindi.

Kwenye tofali nyembamba anazidisha udongo kidogo, kwenye nene anapunguza. Huko chini, kuta zilipishana kimo kwa shubiri nzima. Sasa ukiitafuta tofauti hiyo kwa jicho huioni. Ukipitisha kiganja kwenye kona, mkono unateleza tu, kana kwamba kuta zote zilitoka tanuru moja.

Je, wakikosa mbao na bati?

Avelina anakwangua udongo kwenye mwiko. "Darasa la tatu wataendelea kuvuka mto kwenda shule mama. Mvua ikikolea, hawavuki."

Giza linaingia na udongo umekwisha. Zimebaki kozi mbili za tofali kufika lenta. Walburga anamsaidia kufunika ukuta kwa majani ya migomba.

"Likiezekwa, watoto wa kwetu watadai wakae upande wa ukuta wetu," anatania.

"Wakae wanapotaka," anasema Avelina, akiosha mwiko. "Kesho njooni na maji mapema."