Mkutano wa Viatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vilivyonibana, na maumivu yake nayakumbuka kuliko maneno mengi niliyoambiwa siku hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Bendera ya uhuru ilikuwa haijapauka bado, nami nilikuwa binti wa kwanza wa kijiji chetu, huku Diani, kuajiriwa kuwa Msaidizi wa Maendeleo ya Jamii. Baba alinunua viatu vile Mombasa, vyeusi, vya kisigino kifupi, akasema mfanyakazi wa serikali haendi ofisini na ndara. Nilipofika Kwale juu vidole vilikuwa vinawaka moto.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Bwana Afisa Maendeleo, mtu wa bara, mrefu, mwenye viatu vya kamba vilivyong'aa hata ungeweza kujitazama. Hakunikaribisha kiti.

"Bi Saumu, kule Msambweni kuna Chama cha Wasemaji. Unajua kazi yako itakuwa nini?"

"Kuwafundisha watu kuhutubu, bwana."

"Hapana. Nyinyi watu wa pwani hamuhitaji kufundishwa kusema. Kazi yako ni kufanya wajibizane. Mtu akimaliza kusema, wengine waseme wameonaje. Hiyo ndiyo tunaita majadiliano."

Akanipa fomu. Ilikuwa na safu ya jina la msemaji, safu ya mada, safu ya dakika alizotumia, na ya mwisho, pana kuliko zote, iliandikwa Majadiliano. Akaigonga kwa kidole.

"Hii ikikaa tupu miezi mitatu, ule ukumbi unakuwa stoo ya mbegu. Watu wa kilimo wananiulizia kila siku."

Nyinyi vijana mnaosoma haya huenda mkacheka kwamba serikali ililipa mtu mshahara ili watu wazungumze. Lakini fikirini. Wazee wetu walikuwa wamezoea kuitwa, kuambiwa na kurudishwa makwao. Mara uhuru ukaja, kukawa na kamati ya shule, kamati ya zahanati, kamati ya barabara, na mwananchi yule yule akatakiwa asimame aseme anataka nini. Asiyeweza kusimama aliamuliwa na aliyeweza. Ndiyo maana kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri watu kama ishirini walikusanyika katika ukumbi wa jamii wa Msambweni, wakaacha viatu mlangoni, wakaketi mikekani.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Mwenyekiti alishika ajenda, yaani orodha ya mambo ya siku. Mtunza saa aliketi na saa ya mezani, na dakika kumi zikitimia aligonga sahani kwa kijiko. Kwanza alisema msemaji wa siku, ambaye alikuwa amejitayarisha wiki nzima. Kisha alikuja msemaji wa papo kwa papo, aliyeokota karatasi kikapuni, akasoma mada na kuanza pale pale kabla jasho halijamkauka. Mimi niliketi pembeni na penseli na daftari. Mtu akiniambia, "Mwalimu, nawe simama utuonjeshe," nilimwonyesha penseli. Anayeandika hawezi kusema, niliwaambia, nao waliniamini.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Juma, karani mstaafu wa shamba la miwa, mwenye sauti nzuri na maneno yasiyokwisha. Jumamosi yangu ya kwanza yeye ndiye aliyehutubia, mada ikiwa ni haja ya darasa jipya. Sahani iligongwa mara tatu. Alipoketi nikauliza, kama nilivyofundishwa, "Ndugu wanachama, mna maoni gani kuhusu hotuba hii?"

"Mashallah," alisema mmoja.

"Mashallah, Mzee. Umetufungua macho."

"Hakuna la kuongeza."

Basi. Katika ile safu pana niliandika, hakuna. Jumamosi ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Niliwabembeleza, niliwataja kwa majina, nikawaambia penye wengi hapaharibiki neno. Wakatabasamu, wakasema mashallah. Chama chetu kilikuwa kinakufa kwa kusifiwa. Nami sikuweza kuwalaumu, maana nililelewa vivyo hivyo. Kumwambia mtu mzima mbele za watu kwamba amekosea ni kumvunjia heshima, na mwenye adabu huona bora ukumbi mzima usijifunze kitu kuliko mzee mmoja kuaibika. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini nani anataka kuwa wa kwanza kumliza?

Jumamosi ya nne Mzee Juma alihutubia tena juu ya darasa lile lile, na mkutano ulipofungwa kwa dua nilibaki ndani nikikunja mikeka. Moyo ulikuwa mzito. Nikasikia kelele mlangoni, nikadhani kuna ugomvi. Watu walikuwa wameinama wakitafuta viatu vyao, makubadhi na ndara zikiwa zimechanganyika, na katikati yao alisimama mwanamke mwenye kiatu kimoja mkononi.

Huyo ndiye marehemu Nyamvula. Alikuwa Mduruma wa Kinango, mumewe akifua mashuka hospitalini pale Msambweni. Viatu vyake vilikuwa vya tairi, na ndani ya ukumbi nilikuwa sijamsikia hata akikohoa.

"Baba Juma," alikuwa anasema, "umesema vyema, lakini umetuzungusha mno. Tumetoka nawe Msambweni, tukafika Vanga, tukarudi, na hilo darasa hatujaliona bado."

Nilishika mdomo. Mzee Juma akacheka hadi akashika ukuta.

"Vanga nilikwenda kutafuta mfano, binti yangu!"

"Na mfano wenyewe umeuacha huko huko," alisema fundi cherehani mmoja, na hapo kila mtu akawa na lake. Mmoja alisema Mzee angeanza na watoto wanaoketi chini. Mwingine alisema hapana, angeanza na mabati. Walijibizana hadi adhana ya magharibi, kila mtu na kiatu mkononi. Ndani mtu alikuwa mgeni wa heshima. Mlangoni, mkutano ukiwa umeshafungwa, maneno hayakuwa hukumu tena, yalikuwa mazungumzo ya jirani na jirani.

Tangu siku ile nikawa nafunga mkutano mapema. Nilifunga daftari kwa kishindo wasikie, mwenyekiti akaomba dua, nami nikasema, "Haya, tutawanyike salama." Kisha nikaenda kizingitini na penseli yangu. Nitawaambia na siri ambayo haimo katika ripoti yoyote. Msemaji wa papo kwa papo alipokuwa anahangaika na mada yake, mimi nilitoka kidogo kama mtu anayekwenda kunywa maji, nikavichanganya viatu kusudi. Cha huyu nilikitia chini ya cha yule. Kadiri walivyochelewa kuvipata ndivyo walivyojibizana. Nyamvula aliniona siku moja. Akanitazama, akatazama ile chungu ya viatu, akarudi kuketi bila neno. Wanachama wenyewe wakauita mkutano wa viatu.

Ripoti zangu zikajaa, na Bwana Afisa akashuka Msambweni bila kuniarifu.

"Hii maneno umeandika wewe mwenyewe," alisema. "Watu walionyamaza mwezi mzima hawawezi kuamka wote siku moja. Leo nataka kusikia kwa masikio yangu."

Akavua viatu vyake vya kamba kama wengine, akaviweka kando, akahutubia. Alisema juu ya kushirikiana, kwa maneno ya ofisini, nusu saa nzima. Mtunza saa hakuthubutu kugusa sahani. Alipomaliza akauliza mwenyewe, "Maoni?"

"Mashallah," alisema Mzee Juma.

"Mashallah, Bwana Afisa. Hakuna la kuongeza."

Akanigeukia, na uso wake ulikuwa umekunjamana. "Bi Saumu, Jumatatu ofisini kwangu. Uje na ufunguo wa ukumbi."

Nikafunga daftari. Dua ikaombwa. Watu wakatoka, na Bwana Afisa naye akatoka, akaketi ngazini kufunga kamba za viatu. Kamba, mnajua, hazina haraka. Nyamvula akaja na kiatu chake cha tairi mkononi, akasimama mbele yake. Nikatamani kumvuta kanga.

"Bwana mkubwa, umesema vyema, lakini mino nina neno." Mino ni mimi, kwa Kiduruma chake.

Bwana Afisa akainua kichwa. "Sema, mama."

"Umetuambia tushirikiane mara nyingi, hata nimeacha kuhesabu. Wala hukutuuliza hata mmoja wetu anaitwa nani."

Kamba ikabaki mkononi mwake. Kisha akasema, polepole, "Unaitwa nani, mama?"

"Nyamvula."

"Haya, Mama Nyamvula. Na lingine?"

Lingine lilikuwa na fundi cherehani, na baada yake watu hawakushikika. Wakamwambia maneno yake yalikuwa marefu, mfano wake wa kiwanda haukuwafaa wavuvi, na nusu ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Bwana Afisa akasema, "Basi turudini ndani tuendelee vizuri." Hakuna aliyeondoka pale mlangoni.

"Ndani tumekwisha kufunga, bwana," alisema Mzee Juma kwa upole.

Bwana Afisa akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, akasogea ngazini Mzee apate pa kuketi. Ufunguo ulibaki kwangu. Jumatatu aliniambia tu, "Katika ile safu uandike: mlangoni."

Nilikaa Msambweni miaka saba. Nimefanya kazi na watu wengi baadaye, lakini jioni zile sijazipata tena. Natamani kelele zile kuliko pilau ya harusi. Natamani sauti ya Mzee Juma akijitetea na kubadhi moja mguuni. Zaidi ya yote namtamani Nyamvula na ule mwanzo wake, "umesema vyema, lakini." Alikuwa akiutua mzigo wa lakini yake taratibu, mtu asiumie, na bado ukweli wote ulikuwamo. Kamati ya shule ilimchagua kabla sijaondoka, na darasa likajengwa.

Siku ya kuhama gari la ofisi lilikuja kunichukua ukumbini. Wanachama wakanisifu mpaka nikaona haya. Nikatoka mlangoni, nikavaa viatu, na Nyamvula akanifuata na cha kwake mkononi.

"Mwanangu, umetufanyia kazi njema, lakini..."

Dereva akapiga honi. Alikuwa amekwisha kunihimiza mara mbili.

"Utaniambia nikija, mama," nikasema, nikapanda.

Sikwenda. Nilipelekwa Kwale, kisha Taveta, kisha nikarudishwa Ukunda, ofisi ya karibu na Kona ya Musa, chini ya Bi Mratibu aliyependa mambo yaende kwa saa. Huko tulikuwa na ukumbi wa viti na saruji, hakuna aliyevua viatu, na watu walipiga makofi kisha wakakimbilia kazi zao hotelini. Nikamwomba tutandike mikeka. "Bi Saumu, wageni watatuonaje?" akasema. Likaishia hapo. Miaka yote hiyo ningeweza kupata siku moja ya kumtafuta Nyamvula. Sitawadanganya kwamba kazi ilinizuia. Nilikuwa naogopa ile lakini iliyoningoja. Niliyewahimiza watu maisha yangu yote waambiane ukweli, mimi mwenyewe nilipanda gari.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe. Hotuba sita, zote za sifa. Nilipotoka nikasimama mlangoni kitambo kirefu nikijifanya natafuta kitu mkobani. Watu walipita, wakanipa mkono, wakasema mashallah. Hapo nikajua nimepungukiwa na nini.

Nikapanda Kinango, alikokuwa amerudi baada ya mumewe kufariki. Nilibeba nazi, samaki mkavu na madumu mawili ya maji, maana mwaka ule mabwawa yalikuwa yamekauka. Macho yalikuwa yamemwacha, haoni tena, lakini niliposema shikamoo akanishika mkono.

"Saumu mchanganya viatu," akasema.

Tulizungumza mchana kutwa. Jua lilipopunga nikaenda kizingitini kuvaa, na hapo nikapata ujasiri.

"Mama, siku ile nilipohama ulianza kuniambia neno."

Akafikiri sana. "Hilo nimelisahau, mwanangu. Lakini ninalo jingine."

Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja. Nikakivua, nikaketi.

"Ulitusikiliza sote miaka saba," akasema, "ukatuandika. Sisi wewe hatukukusikia hata siku moja. Ulitutoa maneno na yako ukayaficha nyuma ya penseli. Mino nilikuwa nangoja zamu yako."

Nikalia, nikamwambia nitajitayarisha, nitarudi nimhutubie yeye peke yake, dakika kumi. Akacheka, akasema atatafuta sahani na kijiko. Alifariki kabla ya mvua za vuli, nami nilikuwa ningali naandika mwanzo.

Basi hii ndiyo hotuba yenyewe, nimeimaliza, na najua nimepita dakika kumi. Msemaji wenu ni Saumu. Msiniambie mashallah. Mkutano nimeufunga, niko kizingitini bila penseli, na viatu vyenu nimevichanganya.