Dada Alipokuja Kunilea Uzazi

Dada yangu aliishia darasa la saba. Mama aliugua mwaka ule, na wa kubaki nyumbani Kwaluguru kutulea sisi wadogo alikuwa yeye. Hakupita muda mrefu akaolewa kijiji cha jirani. Nilipomaliza chuo cha ualimu alikuwa na watoto wanne, mimi sina hata mchumba.

Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza nikiwa na miaka thelathini na nne, nikifundisha Korogwe. Dada, wakati huo ana saba, alipanda basi la asubuhi kuja kunilea uzazi, kitinda mimba wake mgongoni, kuku wawili kikapuni. Nikampa shikamoo. Badala ya kuitikia akatazama nilivyomshika mtoto.

"Mdogo wangu, huyo si daftari. Mshike shingo."

Wiki tatu alinikanda kwa maji ya moto, nikapiga kelele, hakujali. Aliniletea uji wa pilipili manga akasimama mlangoni hadi nimalize. Siku moja alikuta kitabu changu cha malezi kitandani. Akasoma ukurasa taratibu, kidole kikifuata mstari, halafu akauliza, "Huyu aliyeandika, yeye anao wangapi?"

Jioni moja tulikuwa uani tunachambua mchicha. Bila kuninyanyulia macho, akaniuliza nilifanyaje miaka minne ya ndoa nisishike mimba. Nikamwonyesha mkononi mahali kilipokuwa kijiti cha uzazi wa mpango. Akapapasa.

"Mimi niliambiwa kinakausha kizazi."

"Na huyu aliyelala ndani nimemwokota?"

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Dada akamchukua, akambembeleza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wangu wote saba nawapenda. Ila nimechoka, mdogo wangu."

Kesho yake alitoka nje kumpigia shemeji simu kuhusu kijiti. Nikakaa ndani roho juu. Alirudi anatabasamu: "Anasema hata yeye kachoka." Tukaenda kituo cha afya pamoja, kila mmoja na mtoto wake.

Hakuzaa tena. Binti yake wa tano sasa anaishi kwangu, yuko kidato cha pili. Mwezi uliopita dada alikuja kwenye mkutano wa wazazi, akaichukua ripoti kabla sijanyoosha mkono, akaisoma yote mwenyewe, somo kwa somo. Njiani alimshika binti yake bega.

"Wewe utaolewa ukitaka mwenyewe," alimwambia. Kisha akanigeukia. "Na wewe mwalimu, mmoja tu hatoshi. Mwenzake yuko wapi?"