Koti Jeusi Mbele ya Pazia Jeusi

Saa nne asubuhi, Dada Taa hajakaa chini tangu afungue mlango wa studio. Anasogeza stendi ya taa kushoto, anairudisha kulia, anachungulia kwenye kamera, anaguna, anaanza upya. Kiti kilicho mbele ya pazia jeusi bado kitupu. Anayesubiriwa ni mama yake mzazi, na basi la mama linaondoka saa sita.

"Leo akinipiga chenga tena, ndiyo basi," anasema, huku akifuta balbu ambayo tayari inang'aa.

Jina hilo la Dada Taa alipewa na majirani wa mtaa huu wa maduka. Studio yake ni chumba kimoja, kifupi kiasi kwamba akipiga picha ya pazia jeusi hulazimika kutoka na kamera hadi barazani. Wapita njia wameshazoea kuinama wapite chini ya lenzi. Wengine husimama wakatoa maoni bila kuombwa.

Kwa nini asimsogeze mteja nyuma akajipatia nafasi? Swali hilo humpandisha mori.

"Hapo ndipo wengi wanapoharibu," anasema. "Mtu akigandana na pazia, taa inayomwangaza yeye inaliangaza na pazia. Linageuka la kijivu, chafu. Ukipunguza taa, nywele zinamezwa, mabega yanamezwa. Mimi namleta mbele, halafu namwekea taa ndogo kwa nyuma, pembeni, imchore kichwa na mabega. Hapo mtu anatoka gizani."

Tangu kila mtu awe na simu ya kamera, kazi imepungua. Picha za pasipoti ndizo zinazolipa pango. Za pazia jeusi huja mbili tatu kwa wiki. Angeweza kulikunja pazia akaliweka kabatini, lakini hataki hata kusikia. Sababu yake ameitundika ukutani.

Ni picha ya marehemu baba yake, iliyopigwa studio nyingine wakati Dada Taa bado msichana mdogo. Mzee amevaa koti jeusi, ameegemea pazia jeusi, taa moja hafifu imempiga usoni. Kilichobaki ni uso na ukosi wa shati, vinaelea. Siku ya msiba ndiyo iliyowekwa sebuleni, na mjukuu mmoja akauliza mbele ya wageni babu aliuacha wapi mwili wake. Watu walicheka kidogo, wakainamisha vichwa. Dada Taa hakucheka.

"Niliapa mama hatabaki hivyo," anasema.

Lakini mama hakamatiki. Leo kichwa kinauma, kesho nguo haijapigwa pasi. Sasa ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na kaka mkubwa anamhamishia kwake, mbali, akafanyiwe upasuaji huko huko.

Saa tano inakaribia mama anapoingia, ameshikwa mkono na kaka, mfuko wa nailoni kwapani.

"Shikamoo, mama. Mbona mmechelewa hivi?"

"Marahaba. Nilikuwa natafuta kitu changu. Nisaidie kuvaa."

Kwenye mfuko linatoka koti. Ni lile lile la picha ya ukutani. Mama alikuwa fundi cherehani, na hilo ndilo koti la kwanza alilomshonea mumewe, mabegani akalimalizia kwa mkono.

"Nilimshonea akapige nalo picha," anasema mama. "Picha ikaja, koti halimo. Miaka yote hii nikiiangalia, roho inaniuma. Nawe ukaweka pazia lile lile jeusi. Nikakae hapo ili iweje?"

Muda wote Dada Taa alidhani mama anaona haya.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungeniona mtoto."

"Si uweke pazia jeupe, tumalize twende?" anadakia kaka kutoka mlangoni.

"Hapana," anasema mama. "Yangu itakaa ubavuni kwa yake. Jeusi."

Picha ya kwanza inatoka safi. Uso umetulia, kitambaa cha kichwa kimezungukwa na mstari mwembamba wa mwanga, bega limejitenga na pazia.

"Mishono inaonekana?" anauliza mama.

Dada Taa anakikodolea macho kioo cha kamera. Sufu nyeusi ya koti imemeza kila kitu isipokuwa ukingo. Mama haoni, neno moja tu lingetosha. Kaka anamkonyeza aliseme.

"Bado, mama. Kaa hapo hapo."

"Wee, basi litatuacha!" analalamika kaka.

Dada Taa hasikii. Anaishusha taa ya nyuma hadi usawa wa bega, anaigeuza ili mwanga upite ukilamba kitambaa kwa ubavu. Anakimbilia barazani. Muuza maji anakatiza mbele ya lenzi, anafukuzwa kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Anapiga, anaangalia, anarudi ndani kuinamisha taa kidogo, anatoka tena. Anapiga.

Kisha anaishusha kamera.

"Inaonekana, mama. Yote."

"Kuna mmoja umekwenda upande."

Anakuza picha, anaifuata mishono mmoja mmoja. "Upo! Karibu na shingo."

Mama anaangua kicheko. "Hapo nilijichoma sindano. Baba yako ananiuliza kuna nini, namwambia hakuna kitu."

Basi hawakulikosa, ingawa kaka alinuna hadi stendi. Dada Taa amebaki studio, bado anazunguka na kitambaa cha kufutia mkononi. Picha hataituma kwa simu. Ataichapa kubwa, aipeleke mwenyewe pamoja na ile ya baba, siku ambayo mama atatolewa bandeji.

"Daktari akimfungua macho, namwekea hiyo mbele," anasema. "Ule mshono autafute mwenyewe. Mimi simwonyeshi."