Usaha wa Juu Juu

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la chumba cha vidonda, katika hospitali moja huku Lushoto. Mbele yangu alikuwa mama mzee kutoka Soni, aliyepasuliwa tumbo siku nane nyuma, sasa akitetemeka kwa homa. Mganga, bila kuinuka kitini, akaandika kwenye fomu huku akitamka: "Usaha wa juu juu."

"Mwanangu, unatoka ndani," mama akasema.

"Ndugu, aliyesomea ni nani?"

Mama akapandisha kanga, akabonyeza pembeni mwa mshono. Usaha uliruka hadi kwenye fomu. Mganga akasimama hima, akafuta "juu juu", akaandika "ndani", akaita machela.

Mama alisafishwa kidonda mchana ule ule. Juzi nilimkuta wodini akiwagombeza wauguzi kwa uji mwepesi.

Viongozi wanahimizwa washuke kwa wananchi. Mganga wetu alitakiwa asimame tu.