Baba Alipokubali Mbele ya Hakimu

Baba alikuwa mtu wa kukubali. Mvua ikilowesha nguo zilizoanikwa, alikubali. Mwenye nyumba akijenga choo mbele ya dirisha letu la jikoni, alikubali. Tulikuwa tumetoka upande wa magharibi tukapanga vyumba viwili Kitengela, miaka ile ya tisini mji ukiwa bado vumbi na upepo mtupu. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, na kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya duka moja la vifaa vya ujenzi. Akisema "nakubali," sisi wa nyumbani tulijua hasemi kwamba amefanya kitu. Anasema Mungu ameruhusu, na yeye habishani na Mungu.

Basi mabati yakapotea stoo. Mtaa mzima ulijua nani amechukua: shemeji ya mwenye duka, aliyekuwa na funguo zake na pikapu yake. Aliyekamatwa ni Baba.

Wazee wenzake wa kanisa wakaja kutufariji. Wakanywa chai yetu yote, wakafuta midomo, wakasema haya ni mapenzi ya Mungu, tuyapokee. Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na hasira zangu ziko karibu sana. Nilitamani kuwamwagia birika. Mapenzi ya Mungu gani haya yanayoendesha pikapu?

Hata yule mama Mmaasai aliyetuletea maziwa, mlokole wa kuimba mpaka sauti inakauka, alipiga makofi kwa mshangao. "Woi! Kwani Enkai ndiye alibeba mabati?"

Mama alimkata jicho, kwa maana jina la Mungu halichezewi. Lakini siku hiyo hakugusa chakula.

Tulienda kumwona Baba kwa seli. Alikuwa ametulia hivi kwamba nilikasirika zaidi. "Mwokozi mwenyewe walimshtaki akanyamaza," akatuambia. "Mimi ni nani nipige kelele?"

"Baba, watakufunga! Na hukuiba!"

"Wakinifunga, nitakubali."

Nilianza kumjibu vibaya, Mama akanifinya mkono. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natembea mbele ya Mama, natembea nyuma yake, siwezi kukaa mahali pamoja.

Jumatatu akapelekwa kortini Kajiado. Mimi na Mama tulikaa benchi la nyuma, na Mama alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani, kana kwamba ni ibada. Karani akasoma mashtaka kwa Kiingereza, akayageuza kwa Kiswahili, halafu akauliza kama wanavyouliza wote: "Ni kweli au si kweli?"

Baba akainua kichwa. "Nakubali, mheshimiwa. Mapenzi ya Mungu, nakubali."

Karani hakungoja. Akamgeukia hakimu: amekubali mashtaka. Hakimu akaandika. Pale kortini neno lile lilikuwa na maana moja tu, na Baba alikuwa amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Nikamtazama Mama. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza.

Kiongozi wa mashtaka akasimama kusoma jinsi wizi ulivyotendeka. Eti mshtakiwa alifungua stoo, akapakia mabati kwenye gari, akaenda kuyauza Tuala. Baba, ambaye Tuala hakujua hata iko upande gani! Hakimu akamuuliza kama maelezo hayo ni ya kweli.

Nikaona Baba anavuta pumzi ile ya kukubali.

Ndipo Mama akasimama. Mama, ambaye kanisani hata matangazo aliogopa kusoma. "Baba watoto! Umeulizwa kama ni kweli! Mungu akupatie mateso, sawa, beba. Lakini amekuambia useme uongo?"

"Wewe mama, kaa chini!" Askari akaja akamshika mkono. Hakukaa. Alikuwa analia na bado anamtolea macho mume wake.

Baba akashika kile kizimba kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona akihangaika vile. "Mheshimiwa," akasema polepole, "kupakia... sikupakia. Kuuza sikuuza. Hiyo si kweli. Yote si kweli."

Hakimu akakata alichokuwa ameandika, akaandika upya kwamba amekana. Baba akarudishwa rumande kungoja kesi, na Mama akatolewa nje. Alikaa juu ya jiwe, akaniuliza, "Nimemkosea Mungu?" Nilimwambia hapana, na niliogopa vilevile.

Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa, mpaka ikatupwa kwa sababu hakuna shahidi aliyekuja. Tulishakuwa tumeingia miaka ya elfu mbili. Baba akarudi amekonda, na kikohozi ambacho hakikumwacha. Kazi hakurudishiwa. Pole hakuambiwa.

Jioni hiyo aliporudi alituita tuombe. Akashukuru kwa chakula, akashukuru kwa safari, halafu akamwombea mwenye duka. Akaomba duka lipanuke, na shemeji yake apate afya. Aliomba kwa moyo wote, anakohoa katikati, anaendelea.

Mama akasema amina. Mimi nilifungua macho nikawatazama wote wawili. Amina hiyo sikuisema, na mpaka leo sijaisema.